Jina la Mtoto wa Punda

Lindi, Kibera
20 Aprili 1996

Kwako mtoto wangu Audrey,

Pokea salamu za nyumbani. Uko mzima? Ule mguu umepoa? Mimi niko, Mungu ananiweka, ni usingizi tu ndio unanitoroka. Tonny mzima, mke wake Marion mzima. Mama Mbula wa mlango wa pili anakusalimia na anauliza utarudi lini kwa televisheni. Nimemwambia aache kuniuliza.

Utashangaa naandika barua na mtu anaweza kutoka hapa na miguu yake akafika Kawangware kabla jua halijawa kali. Ni ndugu yako Tonny. Baada ya yale ya Pasaka alisema, "Nyinyi wawili mkiwekwa chumba kimoja ni kelele. Andikianeni. Karatasi haipayuki." Basi naandika. Gumbaru, ile shule ya watu wazima, ilinifundisha kuandika jina langu na kusoma Zaburi, haikunifundisha kugombana, kwa hivyo ukiona mahali nimekosea pita tu.

Kile nilisema, kwamba punda hawatakuzika, nilikisema na bado nakiona hivyo. Lakini sikutaka uondoke samaki akiwa kwa sahani.

Nduku, yule anatuuzia mboga hapa kwa kona na huenda kuzinunua soko la Kawangware 56, amekuona. Anasema ulikuwa umesimama mbele ya mkokoteni wa maji, umeshika punda kichwa, na wenye mkokoteni wanakutukana. Audrey! Wewe si msichana. Wewe ulikuwa mtu wa kupigwa picha. Nilikuwa nikipita hapa watu wanasema, huyo ndiye mama ya Mama Kisirani. Niliona aibu, kwa sababu huyo Mama Kisirani ulikuwa ukimwigiza mbaya kabisa, anatesa watoto wa mke mwenzake, mpaka mwenye duka akakataa kuniuzia sukari akisema nimezaa mchawi. Lakini hata hiyo ilikuwa kazi. Siku hizi wakiniuliza nawaambia anaandika. Wanasema, anaandikia nani? Nasema, anaandika juu ya punda. Wanacheka mpaka wanashika ukuta.

Sasa jambo lenyewe. Mama yangu ananijia kwa ndoto. Anasimama mlangoni, haingii, anaangalia huku na huku kama mtu amesahau alikuja kuchukua nini. Unajua maana yake. Anataka jina lake liwekwe kwa mtoto. Ndugu yangu Oluoch alizaa wavulana watupu. Wewe ulizaliwa mama yangu akiwa hai, na kwetu haturithishi jina la mtu ambaye bado anakula. Mtoto hukupata, na sisemi ni makosa yako. Sasa Marion ana mimba. Nimemwambia Tonny, akiwa msichana ni mama yangu. Amekubali. Marion hakusema kitu, lakini huyo hasemangi.

Likishawekwa, nitalala. Nijibu, mpe Nduku.

Ni mimi mama yako.


Kawangware
27 Aprili 1996

Mama mpendwa,

Nimeipokea barua yako ikinuka vitunguu vya Nduku, nikaisoma nimesimama. Mguu umepona. Natumaini na wewe kifua hakikusumbui na hii baridi ya mvua. Samaki yule namkumbuka zaidi ya maneno yote tuliyoambiana.

Ni kweli nilisimama mbele ya mkokoteni. Yule punda alikuwa na kidonda begani kikubwa kama kiganja changu, na kamba inapita papo hapo. Kijana akanipigia kelele, "Mathe, toka kwa njia! Watu wanangoja maji!" Nikamwambia ashushe nusu ya mitungi. Akainua fimbo. Mwenzake akamvuta shati: "Wee Oloo, wacha! Huyu ni Mama Kisirani. Atakuroga hapa hapa." Mama, akashusha! Miaka yote ile nilitukanwa sokoni kwa uovu ambao sikuufanya. Sasa uovu huo unanisaidia, wacha niutumie.

Uliniuliza Pasaka kwa nini niliacha, nikakujibu vibaya. Nakujibu vizuri sasa. Ilikuwa onyesho ambalo Mama Kisirani anampiga punda mpaka anaanguka. Nikapiga kidogo, wakasema haionekani. Wakasema rudia, mwangaza umeharibika. Wakasema rudia tena, punda hakuanguka vizuri. Nikaweka fimbo chini, nikavaa viatu vyangu. Tangu siku hiyo kila walichoniitia kilikuwa mchawi au kikongwe, nami nikaona heri niandike. Gazeti linachukua hadithi zangu kwa ukurasa wa watoto kila Jumapili, na kuna wachapishaji wanataka kijitabu.

Mwenye ploti, Mzee Gerishon, analalamika. "Nilikodisha nyumba kwa mwigizaji," anasema, "sasa niko na zizi." Lakini mkewe Waceke anataka mbolea kwa maharagwe yake, kwa hivyo bado sijafukuzwa. Nina punda jike mmoja niliyempokea akiwa hawezi kusimama. Nimemwita Shangazi kwa vile hapendi mtu yeyote. Ana mimba, amekaribia.

Kuhusu Dani, nyanya yangu, usihangaike. Atapata jina lake kwa Marion, nami nitambeba huyo Dani mdogo mpaka mseme namharibu.

Binti yako,
Audrey


Lindi
11 Mei 1996

Mtoto wangu,

Salamu nyingi. Hujambo na wale wanyama wako? Sisi tunashukuru. Kifua kiko tu.

Nduku ananiambia fimbo ilikupiga shingoni. Ni kweli? Wewe unaniandikia mambo ya kuchekesha, Oloo, Shangazi, na shingo hutaji. Mimi nikikaa hapa nikisikia mtu anakimbia nje nafikiri ni habari yako inaletwa. Nikipika nasahau chumvi. Tonny anasema mama kaa chini, nakaa, nasimama tena.

Mama yangu sasa anaingia mpaka kwa kiti. Haketi. Nimemwambia ngoja, tumbo la Marion linakua. Marion anakula udongo kama chapati, na mimi nilikula hivyo hivyo wakati wako, kwa hivyo nadhani ni msichana.

Gerishon umwongeleshe polepole. Hao ndio wenye mashamba, na sisi ni wapangaji tu popote tulipo. Waceke mpe salamu za mama yako. Na hiyo shingo uniandikie ukweli.

Mama yako.


Kawangware
2 Juni 1996

Mama mpendwa,

Shingo ni ncha ya fimbo tu iliyonigusa, ngozi imeshafunga. Ukweli ndio huo, uache kusimama.

Sasa sikia habari njema! Shangazi amezaa. Ilikuwa asubuhi, Waceke akipalilia maharagwe nyuma ya nyumba, mara nikamsikia anaita, "Audrey, kuja! Kitu imetoka miguu!" Nikakimbia na sabuni usoni. Tukamkuta pale katikati ya magugu, mweusi, ameloa, masikio marefu kuliko uso. Mzee Gerishon alikuja kulaumu maharagwe yaliyolaliwa, akaishia kumfuta kwa koti lake. Usimwambie mtu.

Ni wa kike. Na kwa kuwa alizaliwa watu wakipalilia, nimemwita vile tunavyowaita kwetu wasichana wote wanaozaliwa wakati wa palizi: Adoyo. Nilimwandika kwa ukurasa wa watoto, na picha ikatoka. Mama, sijawahi kuona! Watoto wa hapa na wa Riruta wanakuja wakitoka shule, wanaita langoni, "Adoyo! Adoyo!" naye anakuja mbio, miguu inampotea. Kuna wawili ambao baba zao wana mikokoteni. Jana mmoja alimwambia baba yake mbele yangu, "Usimpige wetu, yeye pia ni mama ya mtu." Nimefanya kazi ya kusema maneno maisha yangu yote na sijawahi kusema moja lililofika hivyo.

Wachapishaji wanataka kijitabu kiwe juu yake, na jina lake liwe juu ya jalada. Nimekuwekea ukurasa wa gazeti ndani ya bahasha. Mwonyeshe Marion.

Binti yako,
Audrey


Kawangware
30 Juni 1996

Mama,

Habari za siku nyingi? Je, mko wazima? Nimempa Nduku salamu mara nyingi na anarudi mikono mitupu. Nilimbana leo. Akasema ulisoma barua yangu pale kwa meza yake, ukaikunja, ukaiweka chini ya sukuma wiki, ukaenda zako bila kuagana. Ni kifua? Ni Marion? Kama ni jambo nimesema, liandike. Hata matusi yaandike.

Audrey wako.


Lindi
6 Julai 1996

Audrey,

Niko mzima. Marion mzima. Mimba nzima.

Unaniuliza umesema nini. Ulichukua jina la mama yangu ukaliweka kwa punda. Nilikuambia ananijia. Nilikuambia anataka jina. Nikakuambia nani atapewa. Wewe ukaharakisha, ukalipeleka zizini, na gazeti ukaliita lije kupiga picha.

Hapa watoto wa Lindi wana huo ukurasa. Wanapita mlangoni wakiliita, kisha wanalia kama punda. Nimeingia ndani nimefunika kichwa. Marion, ambaye hasemangi, alisema mbele ya Tonny, "Mama, mtoto wangu akiitwa, waitike wawili?" Hataki tena. Tonny anaangalia chini.

Kama ni hasira ya Pasaka, ungenitukana mimi. Mimi niko hai, ningejibu.

Mama yako.


Kawangware
9 Julai 1996

Mama yangu,

Nakusalimu nikiwa sijui nitumie salamu gani. Sikujua.

Nakuapia sikujua. Mimi nilimwita Dani. Wewe ulimwita Mama. Baba, kwa kuwa alikuwa mama mkwe wake, alimwita Min Oluoch, mama ya Oluoch, na kwa mbali. Kanisani aliitwa Rebeka, na msalaba wa kaburi lake umeandikwa Rebeka. Nimekaa kitandani leo nikimtafuta mtu mmoja aliyewahi kutamka jina lake la kuzaliwa nikiwa karibu, sikumpata. Hata kwa barua zako hukuliandika, uliandika tu "jina lake". Nami nilidhani najua unachosema. Nilidhani ni Rebeka.

Kwamba naye alizaliwa wakati wa palizi, na hilo nimelijua leo.

Nimejaribu kumpa mtoto wa punda jina jipya, Jumapili. Ananiangalia kama nimempa hotuba. Watoto nao wamenigomea. Wanasema Jumapili ni siku, si mtu.

Kijitabu kinangoja, hawajaanza kukichapa. Ni kitabu changu cha kwanza, Mama, na jina liko juu yake, lakini sitabishana nawe. Ukisema nikizuie, nitaenda kukizuia, na jina la punda nitalibadilisha hata kama itanichukua mwaka mzima kumzoesha. Wewe ndiye mwenye jina. Uamue wewe. Nitawaambia wasubiri mpaka unijibu.

Mtoto wako,
Audrey


Lindi
1 Septemba 1996

Mtoto wangu Audrey,

Salamu. Natumaini umzima. Sisi tuko, Marion amevimba miguu lakini anatembea.

Umengoja sana, najua. Nilikuwa nashika kalamu naweka. Halafu juzi nilikuja kwako. Waceke amekuambia? Nilimwomba aniachie nikuambie mwenyewe.

Nilifuatana na Nduku mpaka sokoni, kutoka hapo nikauliza njia. Sikukosa, kila mtu anajua kwa punda. Sikuja kukuona wewe. Nilikuja kuchukua jina la mama yangu nirudi nalo.

Waceke alikuwa anaanika nguo. Akaniangalia, akasema, "Wewe ni mama ya Audrey. Ni huo uso tu, umekunjwa kidogo." Akasema umeenda Dagoretti, kuna punda ameanguka na mzigo. Gerishon alikuwa ameketi kwa ngazi. "Mama, umekuja kumchukua?" akaniuliza. "Mchukue na ukoo wake wote wa kwato." Waceke akamgeukia: "Wewe nyamaza. Hayo maharagwe unakula kila siku yamemea kwa mbolea ya nani?" Nimempenda huyo mwanamke.

Nilimweleza shida yangu. Akafikiri. Akasema, "Sisi tunawapa watoto majina ya wazee wakiwa bado wanatembea. Mimi nilipewa la mama ya baba yangu. Nikifanya ujinga, anaitwa aone ujinga wake." Halafu akaniuliza, jina likishapewa linachukuliwaje? Nikamwambia sijui. Kwetu sijasikia mtu amelichukua. Lakini nilifikiri kwamba kama limetolewa kwa kuitwa, basi lazima aitwe, halafu aambiwe: hili si lako, ni la mtu.

Nikamwambia Waceke, basi mwite. Akasema, "Mimi niite? Mimi ni mtu wa ukoo wenu?" Akaokota beseni lake akaenda.

Audrey, mimi tangu mama yangu anizae sijawahi kumwita jina. Nani anaweza? Tulipokuwa watoto, jirani akiliita kutoka ng'ambo ya mto tulikuwa tunacheka tukiziba masikio, kama mtu ametaja kitu cha ndani. Siku ya kumzika wengine waliliita wakilia. Mimi nililia Mama tu. Nikasimama hapo uwanjani mwako, mwanamke mzima na leso yangu, sauti haitoki. Kuku wananiangalia.

Nikaita Adoyo.

Niliita kidogo sana, kama mtu anataja jina la mwenye deni. Nikasikia miguu nyuma ya nyumba. Akaja. Hakukimbia kama ulivyoandika. Alikuja polepole, akasimama mbele yangu, akaweka pua hapa tumboni kwa leso, akapumua. Ana joto. Maneno yote niliyotoka nayo Lindi nikayasahau. Nilikuwa nimeyapanga vizuri! Nilimwita mama yangu kwa jina na kitu kikaitika, nitakiambia nini? Nikamkwaruza masikio. Sikujua kwamba masikio yao ni laini hivyo, kwetu tuliwaona kwa mbali tu wakibeba.

Waceke alileta chai. Nilipokuwa natoka aliniuliza, "Umelichukua?" Nikamwambia sijui.

Bado sijui. Hicho kitabu kiache kitoke. Lakini uandike pale mwanzo, waziwazi, kwamba alizaliwa wakati wa palizi, ili mtu wa kwetu akisoma ajue si matusi. Na usimwite Jumapili.

Marion bado anakataa. Nimeacha kumsukuma.

Kuna hii nyingine. Tangu nilipotoka kwako, mama yangu hajanijia. Nilidhani nitalala kama gunia. Silali. Namngoja. Naangalia mlango mpaka macho yanauma na hakuna mtu. Sijui kama ameridhika au amekasirika. Nilimzoea.

Shingo yako ifunike na hii baridi.

Mama yako.


Lindi
29 Oktoba 1996

Audrey,

Nduku anangoja amebeba kikapu kichwani kwa hivyo naandika haraka. Marion amejifungua Jumapili. Msichana. Wote wazima, Mungu asifiwe.

Lakini mtoto analia. Amelia tangu Jumapili, analala kidogo kama mtu anayepumzisha koo, anaanza tena. Zahanati wamemwangalia wakasema hana kitu, ni mapafu mazuri. Hapa tunajua ni nini: kuna aliyekufa anataka jina lake, na likitajwa lililo lake mtoto hunyamaza. Mke wa Oluoch amekuja, Mama Mbula yuko, tumeketi tukamwitia majina. Tumeanza na upande wa baba yenu, nyanya zenu wote, na mashangazi waliokufa, mpaka na yule aliyekuwa mkali tukamwita. Mtoto anazidi. Titi anatema.

Leo asubuhi Marion, macho yamemwingia ndani, akasema, "Iteni hilo lingine."

Wote wakaniangalia. Nikafungua mdomo. Halikutoka. Pale kwako lilitoka kwa sababu ni mimi na kuku peke yetu. Hapa mbele ya mke wa Oluoch na watu, nimwite mama yangu hivyo? Tonny alisema wacha nijaribu, akafika katikati akacheka, akatoka nje, nikamwona analia. Mke wa Oluoch hawezi, ni mama mkwe wake. Mama Mbula si wa ukoo. Tumeangaliana. Hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kuliita bila kutetemeka, ni wewe tu. Wewe unaliita kila siku asubuhi na ndoo mkononi. Na una ile sauti yako ya jukwaani, ambayo nilikuwa nakuambia uipunguze.

Sijui kama atanyamaza. Pengine si yeye mtoto anamtaka, pengine ni mwingine ambaye tumemsahau. Lakini sitaki iwe hatukujaribu.

Hii usiijibu. Acha wanyama na Waceke, mfuate Nduku hivyo hivyo. Ugomvi tutaufanya mtoto akilala. Vaa gambuti, hapa mlangoni maji yamejaa, na jiwe la kukanyagia limeenda.

Mama yako.